Mwanamke Aliyemng'ata Shemeji Yake

Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Akiamka ameamka na maneno, na maneno hayo hayakwisha mpaka alale. Pale kazini wenzake walikuwa wakitania kwamba mwani wa upande wake unakua haraka kwa sababu haupati nafasi ya kusinzia. Mumewe, ambaye yadi nzima ilimwita Bomba, alikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa fundi wa mabomba, mtu mnene wa mabega na mpole wa sauti, na akiulizwa mbona haongei, alisema nyumbani kwao maneno yote mkewe amekwisha yasema, kilichobaki kwake ni kuitikia.

"Kuitikia nako ni kazi," Chiriku alikuwa akimjibu. "Kuna wanaume hata hiyo imewashinda."

Bomba aliitikia, "Ee."

Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wamelia kwa ajili ya hilo, wakanyamaza, wakazeeka kidogo, na mwishowe wakawa watu wawili waliozoeana kama kikombe na kisahani chake. Waliondoka nyumbani pamoja, wakafanya kazi mahali pamoja, wakarudi pamoja.

Mahali penyewe palikuwa uwanja mpana usio na mti hata mmoja, kwa sababu kivuli pale kilikuwa adui. Jua ndilo lililokuwa mtaji. Upande mmoja ilikuwapo mirija ya plastiki angavu, minene kama paja la mtu mzima, imelazwa juu ya vichanja vya chuma safu baada ya safu, na ndani yake maji ya kijani yakizunguka bila kupumzika. Ule ukijani ulikuwa mwani mdogo mno, mdogo kiasi kwamba tone moja la maji linabeba maelfu, na macho hayaoni hata mmoja. Mwani huo ulikula jua na hewa, ukaongezeka, ukavunwa ukiwa uji mzito, ukapelekwa kwa wafugaji wa samaki kulishia vifaranga. Upande wa pili ilining'inia mifuko mipana ya plastiki, kama mashuka kwenye kamba, imejaa maji mekundu. Hao walikuwa bakteria, wapenda jua kama mwani, ila hewa hawaitaki. Walilishwa maji machafu kutoka kiwanda cha wanga, na walinuka. Wafanyakazi waliwaita "wekundu," na aliyepangiwa zamu ya wekundu alijua kwamba jioni hatakumbatiwa na mtu.

Chiriku alikuwa mtu wa kijani. Kazi yake ilikuwa kuzuia kisife, na kijani kinakufa kwa mambo madogo. Jua likiwa kali kupita kiasi, kinapauka kama nguo iliyosahauliwa uani. Ndipo anapovuta vyandarua vya kivuli na kuinyunyizia mirija maji ipoe. Mashine ya upepo ikisimama, kinazama chini kama majani ya chai, na jua lile lile lililokilea linakipika. Kwa hiyo sikio lake lilikaa daima kwenye mlio wa mapovu. Hata akiongea, hata akicheka, alikuwa akiyasikiliza.

Mdogo wake Bomba naye alikuwa pale. Kijana wa mikono yenye nguvu, mkewe akiwa na mimba ya kwanza, kazi yake kusugua mirija iliyoota ukoga. Bomba ndiye aliyemwombea kazi. Baba yao alikufa mapema, na kaka mtu ndiye aliyemlea mdogo wake, akamvisha, akamsomesha kadiri alivyoweza, akamwozesha. Kijana yule alimwita "kaka" kwa sauti ambayo wengine humwitia baba.

Chini ya ardhi, karibu na chumba cha kuvunia, palikuwa na tangi la taka. Mwani uliokufa, wekundu walioharibika, maji ya kuoshea mirija, vyote viliishia humo, vikaoza gizani, mpaka gari lije kunyonya. Msimamizi, mama mmoja mrefu asiyependa mzaha, alimwonya kila mtu aliyeajiriwa pale, na maneno yake yalikuwa hayo hayo kila mara: "Hewa ya mle inanuka yai bovu. Ukiinusa, ondoka. Ukiacha kuinusa, usifurahi. Pua yako imekufa, na wewe unafuata. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate. Anayefuata hafi kwa ushujaa, anakufa tu."

Wote walilisikia onyo hilo. Bomba alilisikia zaidi ya mara moja.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa siku ya joto. Mawingu yalikaa kwa muda mrefu, kisha yakaondoka yote kwa pamoja, na jua likashuka kama lililokuwa na kisasi. Mifuko kadhaa ya wekundu iliharibika, ikamwagwa tangini. Tope likapanda, pampu ya chini ikakwama, na maji machafu yakaanza kurudi nyuma kuelekea chumba cha kuvunia. Feni ya kupulizia tangi ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Msimamizi alikuwa lango kuu akizungumza na dereva wa gari la taka, amwombe awahi.

Chiriku alikuwa akivuta chandarua alipomwona mumewe amefunua mfuniko, ameketi ukingoni, miguu imeshaingia shimoni.

"Wewe! Kamba iko wapi?"

"Siingii ndani. Nashuka vidato viwili vitatu niichokoe pampu kwa hiki chuma."

"Subiri msimamizi aje."

"Maji yanarudi, Chiriku. Yakifika kwenye uji wa leo, kazi yote bure."

"Basi bure! Bomba, nasema na wewe."

"Mara moja tu," alisema, akashuka.

Mara moja tu imejaza makaburi mengi. Chiriku aliacha chandarua kikining'inia, akasogea karibu na shimo huku akiendelea kusema, maana hakuwa na dawa nyingine ya hofu. Alimwambia ana kichwa kigumu kama cha babu yake. Bomba akaitikia, "Ee." Akamwambia akitoka humo ataoga nje, ndani haingii na harufu hiyo. Bomba akaitikia. Akamwambia ashike ngazi vizuri.

Yule mtu wa kuitikia hakuitikia.

Chiriku aliinama akachungulia. Bomba alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo kwenye ngazi, tope jeusi likimfika kifuani, uso umeelekea juu. Macho yalikuwa wazi. Alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama dari.

Ukelele alioutoa ulifika lango kuu. Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yake, mikono bado imejaa povu la sabuni. Hakuuliza. Alilitazama shimo, akamtazama shemeji yake, akajua. Akavua viatu vya mpira kwa mateke, akaja mbio.

Chiriku hakupanga. Baadaye watu walisema alimfikiria yule mke mjamzito, wengine wakasema alikumbuka mafunzo. Yeye mwenyewe alisema hakufikiri chochote. Mwili wake uliruka ukamshika kijana kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye saruji, vichwa vyao pembeni mwa shimo, harufu ikiwapiga usoni.

"Niache, shemeji!"

"Huendi!"

"Kaka yangu anakufa! Niache!"

"Ukishuka hupandi! Mtakufa wawili!"

Kijana alikuwa na nguvu. Alijikokota akiwa na mwanamke mgongoni, akatia mguu mmoja kwenye ngazi. Chiriku aliteleza mpaka kwenye mguu uliobaki juu, akaukumbatia, na alipoona unamponyoka, akang'ata. Aling'ata nyama ya nyuma ya mguu kwa meno yote, akaonja sabuni, kisha chumvi, kisha damu. Kijana alipiga yowe akampiga teke la uso. Jino likang'oka. Hakuachia.

Wangeendelea hivyo mpaka lini, hajui. Kilichowatenganisha ni sikio lake. Katikati ya kilio na mateke, lilisikia mapovu. Mashine ya upepo ilikuwa inanguruma pale pale ukutani, inasukuma hewa safi kwenye kila mrija wa yadi ile, na mpira wake mkubwa ulipita hatua chache kutoka walipolala.

"Upepo!" alisema, mdomo umejaa damu. "Shemeji, ule mpira! Ung'oe! Tumpe upepo!"

Mikono iliyokuwa inatafuta kufa ilipewa kazi. Kijana aliinuka akaenda akaushika ule mpira, akauvuta kama mtu anayeng'oa mti, vifungo vikapasuka kimoja kimoja, na hewa ikatoka kwa kishindo. Wakausukuma shimoni wote wawili. Kijana akalala kifudifudi, akaunyoosha mpaka mdomo wa mpira ukawa juu ya uso wa kaka yake, nywele za mgonjwa zikipeperuka. Chiriku akaikalia miguu ya shemeji yake asije akabadili nia. Msimamizi alifika akihema, akaona, akageuka kupiga simu zimamoto.

Hapo ndipo yadi iliponyamaza. Mapovu yalikatika kwenye mirija yote kwa wakati mmoja. Kijani kikaanza kuzama taratibu, juu pakabaki maji meupe, na jua likaendelea na kazi yake. Wafanyakazi walisimama wakitazama upande huu mtu anakufa na upande ule mazao yanakufa, na hakuna aliyethubutu kuurudisha mpira.

Zimamoto walikuja na mitungi ya hewa mgongoni na barakoa usoni. Mmoja alishuka, akamfunga Bomba kamba, wakamvuta. Alikuwa mweusi wa tope, mlegevu kama nguo iliyolowa. Lakini alikuwa anapumua.

"Huyu ana bahati," alisema mmoja wao.

Chiriku alilikumbuka neno hilo kwa muda mrefu.

Hospitali Bomba alilala hajitambui, mashine ikimpumulia, kisha akipumua mwenyewe. Chiriku alikaa kwenye benchi la ukumbini, mdomo umevimba, akiahidi kila kilichomjia: atanyamaza, hatamgombeza tena, atamtii. Siku mumewe alipofungua macho, alimrukia akamshika uso.

"Bomba! Baba! Unanijua?"

Bomba alimtazama kwa adabu. Akasogeza midomo. Akasema, "Sista, maji."

Alidhani ni muuguzi. Daktari alieleza, kwa upole wa mtu aliyeeleza mambo kama hayo mara nyingi, kwamba ubongo ulikosa hewa. Kiasi gani kingerudi, hakuna ajuaye. Kilichorudi kilikuwa kidogo. Alirudi na miguu inayotetemeka, na maneno machache, na tabasamu lisilomhusu mtu yeyote. Jina la mkewe halikurudi. Kula alisahau, chakula kikiwa mdomoni ilibidi aguswe shavu ndipo atafune. Haja zake hakuzitambua. Kitu kimoja tu kilibaki kizima, nacho kilikuwa mikono. Akiona bomba la maji, alilifungua. Akipata koki, nati au vali, vidole vyake vilikumbuka mara moja, vikazungusha kwa ustadi ule ule wa zamani, ila vilikumbuka kulegeza tu. Kukaza vilisahau. Mara mbili alifurisha nyumba. Mara moja alitoroka akaingia uani kwa jirani, akang'oa bomba lao, akakaa chini ya maji yanayoruka, akitabasamu, na jirani mwenye nyumba akaja amemshika mkono kama mtoto.

"Mama," jirani alisema, "sisi tunaelewa. Lakini maji yanatumalizia nyumba."

Chiriku aliomba radhi. Alikuwa amegeuka mtu wa kuomba radhi.

Mama mkwe alikuja na mzigo wake kumuuguza mwanawe. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, aliyezoea kuamka kabla ya wengine. Mchana Chiriku alipokuwa kazini, yeye alibaki na mgonjwa. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na sebule, wakapishana mlangoni, na kwa muda mrefu hawakusemezana zaidi ya "chumvi iko wapi" na "shuka zimekauka."

Neno lilitoka jioni moja, wakati Chiriku anamsaidia kumbadilisha Bomba nguo.

"Ulimshika yule mzima," alisema mama mkwe, bila kumtazama, "ukamwacha anayekufa."

Chiriku aliketi chini. "Mama, ningemwachia, ungezika wawili."

"Ningezika." Sauti ya mama haikupanda. "Kuzika najua. Nimemzika baba yao, nimezika dada yao. Unalia, unafukia, watu wanakuja, wanaondoka, unaanza upya. Hili la kumlisha mtu mzima uji kama mtoto, na mtoto huyo hakui, hili silijui. Hili hakuna aliyenifundisha."

"Hata mimi, Mama."

"Wewe ulichagua."

Usiku huo na nyingi zilizofuata, Chiriku alilibeba neno hilo. Kwamba alimzuia shemeji, hilo halikumsumbua. Kilichomtafuna kilikuwa kingine: mpira ulikuwa pale tangu mwanzo. Mapovu yalikuwa yanalia tangu mwanzo. Kwa nini alianza na meno? Wakati ule wote waliokuwa wakigaagaa kwenye saruji, hewa ilikuwa karibu, na ubongo wa mumewe ulikuwa unazimika chumba baada ya chumba, kama nyumba watu wanapokwenda kulala. Pengine angewahi kidogo tu, jina lake lingebaki. Alijaribu kukumbuka walipigana kwa muda gani. Mara ilikuwa kufumba na kufumbua. Mara ilikuwa kutwa nzima.

Kazini hapakuwa na faraja. Mirija yote ilikuwa imekufa siku ile. Mwani uliopikwa na jua ulinuka mpaka barabarani, na ilibidi umwagwe wote, mirija ioshwe kwa dawa, kazi ianze upya kutoka kwenye chupa za mbegu zilizokuwa chumba cha ndani. Chupa inamiminwa kwenye galoni, galoni kwenye mfuko, mfuko kwenye mrija mmoja, mrija kwenye safu. Haiharakishwi. Wenzake wengine walisimamishwa kwa muda yadi ilipokuwa tupu, na ingawa hakuna aliyemwambia kitu, alipopita kila mmoja alipata kitu kingine cha kutazama. Alifanya kazi bila kusema. Jina la Chiriku liliendelea kutumika, kama kibao cha duka lililofungwa.

Tangi la taka lilifungwa, likachimbwa jingine lenye pampu inayonyanyuliwa kwa mnyororo, ili pasiwe na haja ya mtu kushuka. Msimamizi alimwonyesha mwenyewe.

"Hatashuka mtu tena," alisema.

"Asante," alisema Chiriku. Moyoni alisema, ungekuwapo siku ile, wewe mnyororo.

Shemeji yake hakurudi kazini wala kufika nyumbani. Ilisemekana anabeba mizigo sokoni, na kwamba hawezi kuingia chumba kisicho na dirisha. Mwisho Chiriku alimfuata. Alimkuta amekaa nje ya nyumba yake ya kupanga, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu wa suruali umekunjwa. Kovu lilikuwapo, nusu duara mbili zinazotazamana.

"Shikamoo hunipi?" aliuliza Chiriku, akijaribu mzaha wa zamani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Alisimama, kwa kuwa hakukaribishwa. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Tulishikana kwa muda gani pale?"

"Sijui."

"Kumbuka."

"Shemeji, mimi nakumbuka meno yako. Basi. Kila nikilala nasikia meno yako." Alivuta pumzi. "Na kila nikiamka naona kaka alikuwa ananitazama kutoka kule chini, ananisubiri, na mimi nashindwa na mwanamke."

"Alikuwa hatazami. Macho yalikuwa wazi tu."

"Wewe unasema."

"Ungekufa."

"Najua!" Alipaza sauti mpaka mkewe akachungulia mlangoni, tumbo mbele. "Najua ningekufa! Unadhani ni hilo ninalogombea? Alinilea yule. Mimi nilikuwa na haki ya kufa naye. Ukanipokonya, na sasa siwezi hata kukuchukia vizuri, maana mke wangu kila akiona jua anakuombea dua. Nenda nyumbani, shemeji. Tafadhali."

Aliondoka. Njiani alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akalia kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita. Mzee mmoja alisimama akamuuliza amefiwa na nani. Hakufiwa na mtu.

Kuna kipindi kilifuata ambacho baadaye hakukisimulia kwa mtu. Aliacha kumgusa Bomba shavu. Aliweka chakula mdomoni kwake, akakaa akimtazama chakula kikiwa kimetulia mle, naye akitulia, akisubiri kuona nini kitatokea. Bomba alimtazama kwa adabu yake ile ya hospitali. Mama mkwe aliingia, akaona. Alipiga magoti, akamgusa mwanawe shavu, "tafuna, baba," kisha akamwambia Chiriku aende akanawe uso. Hakulitaja jambo hilo tena, siku ile wala baadaye. Huenda lilikuwa limempitia na yeye.

Mtoto wa shemeji alizaliwa, wa kiume. Habari ilikuja kwa mtu wa sokoni. Mama mkwe alikwenda kumtazama mjukuu, akarudi siku hiyo hiyo. Chiriku alimuuliza anafanana na nani.

"Mtoto mchanga hafanani na mtu," alijibu, akaanza kufua.

Wakati huo mirija ilikuwa imekwisha jaa tena, safu zote, kijani kizito, mapovu yakilia kama zamani. Chiriku alikuwa akinyunyiza maji alipomwona mfanyakazi mgeni, dada mmoja mchangamfu asiyejua historia, anainua kifuniko cha mfereji wa maji ya mvua ili atoe jani lililoziba. Mfereji mfupi, wa kina cha kiwiko, wazi pande zote. Hauna hatari yoyote. Lakini Chiriku aliona kifuniko kinafunguka na mtu anainama, na sauti yote aliyoifungia tangu siku ile ikatoka. Alipiga kelele asiweze kukoma. Alimrukia yule dada akamwangusha, akamkumbatia miguu, akimwambia huendi, huendi, huendi, mpaka watu watatu wakamtoa. Yule mgeni alikuwa analia kwa woga.

Msimamizi alimshika mabega. "Nenda nyumbani. Leo na kesho. Sikufukuzi, sikiliza vizuri. Nenda ukapumzike."

Ndiyo maana alifika nyumbani saa ambayo hakutarajiwa. Alipokaribia dirisha alisikia sauti ya mama mkwe, na kilichomsimamisha ni kwamba sauti hiyo ilikuwa laini. Alikuwa anamwogesha Bomba. Maji yalisikika yakimiminwa.

"Geuka huku. Haya. Mdogo wako ana mtoto, nilikwambia? Nilikwambia, umesahau. Anao mkono kama wako, mnene hapa. Nilimshika nikamrudisha haraka, nisije nikamzoea. Maana nikimzoea itabidi nikiri." Maji yakamiminika. "Mkeo ndiye aliyemwachia mtoto yule baba yake. Mimi nimemsema vibaya, baba. Nimemsema kwa sababu ndiye aliye karibu. Ningemsema nani? Wewe hunisikii, na Mungu namwogopa. Inua mkono. Inua. Jino lake lile hata hajaweka jingine."

Chiriku alisimama pale ukutani. Alijua kwamba akiingia, mama atanyamaza, na kwamba maneno yale hatayasikia tena, wala hatapewa usoni. Alitaka yaendelee. Yakaendelea kidogo, yakageukia sabuni iliyokwisha na shuka zilizotoboka, yakawa mambo ya kawaida.

Ndani kitu kizito kikaanguka, na mama akaguna kwa uchungu. Chiriku aliingia bila kubisha. Bomba alikuwa ameteleza kutoka kwenye kigoda, yuko sakafuni uchi, mwenye povu, na mama yake chini yake ameshikilia kichwa chake kisigonge.

"Mbona umewahi?" aliuliza mama, kwa sauti yake ile ya kila siku.

"Nimerudishwa."

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimepiga kelele."

Mama alimtazama. Aliona macho yake, akaelewa amesikia, na wote wawili wakaangalia pembeni.

"Shika kwapa," alisema. "Mimi nashika miguu. Usiinue kwa mgongo, utauharibu."

Wakahesabu pamoja, wakainua. Alikuwa mzito, na sabuni ilimfanya ateleze. Wakamshusha, wakapumua, wakabadilishana pande. Ilibidi wajaribu mara ya pili.